Yaliyokuwa Kati ya Mabano

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe, wifi hajambo, na huyo binti yenu wa meno mawili, yamefika manne? Sisi huku tupo, tunavuta pumzi. Shemeji yako amehamishiwa zamu ya usiku, kwa hiyo sasa anakoroma mchana kutwa na nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Mpwa wako amefaulu hesabu. Jambo hilo halijawahi kutokea katika ukoo wetu, na tumeanza kumtilia shaka. Paa la chumba cha Baba tumeliziba, ila ndoo iko palepale, maana anasema mlio wake ameshauzoea.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini. Baba. Mkono wa kulia haukurudi tangu kile kiharusi cha mwaka jana, na daktari ametuambia bila kuzunguka kwamba maneno nayo yataondoka, leo moja, kesho moja. Baba aliposikia hivyo akasema, "Lete mashine." Alimaanisha taipureta yake. Mimi nikamletea kompyuta ya zamani ya mapokezi, ambayo bosi wangu pale zahanati aliniazima. Miezi mitano, kila nikitoka kazini, yeye anasema na mimi nachapa. Maisha yake yote, tangu kuzaliwa.

Kuna mambo mawili uyajue. La kwanza, kila aliponyamaza niliweka kwenye mabano alichokuwa anafanya: (amekohoa), (amekunywa maji), (amesinzia). Ni mazoea ya mapokezi, mgonjwa akipiga chafya mkono unaandika wenyewe. Yamezidi mia nne, na yananitia aibu. Pia sikuruka mstari hata mmoja, maneno yote yanafuatana mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho. Unamjua Baba. Mtu aliyekaa miaka arobaini kwenye veranda ya posta akiwachapia watu barua zao, mstari mtupu kwake ni karatasi iliyotupwa. Nilimweleza kwamba ndani ya kompyuta hakuna karatasi. Akaniangalia, nikaendelea kujaza.

La pili ndilo hasa. Katikati kuna sehemu ambayo sikuichapa mimi. Ameiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mimi akanitoa nje, na nimeapa sikuisoma. Alisema, "Hiyo ni ya mdogo wako. Ni habari ya kwa nini nilimpeleka kwa mjomba." Basi, nimeshaliandika. Tangu una miaka saba hatujawahi kulitaja, mimi na wewe.

Ninachokuomba ni hiki: niondolee mabano yangu, uchapishe kijitabu, uniletee nimsomee Baba wakati masikio yake bado yanasikia. Flashi imo humu ndani. Ni hiyo hiyo moja. Kompyuta ilitakiwa irudi ikiwa tupu, nikafuta kila kitu. Usiiweke mfuko mmoja na funguo.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Barua na flashi vimefika salama. Ile ya hesabu nimeicheka mpaka wifi yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Meno yamefika sita, na amemng'ata nesi. Mimi mzima, mgongo tu, viti vya ofisini vilichaguliwa na mtu asiyekaa.

Miaka yote unaniuliza kazi yangu ni nini hasa, nami nakujibu "kompyuta," tunaachana hapo. Leo nikueleze, maana ndiyo nitakayoitumia. Watu hutuletea maandishi, maelfu ya kurasa, na ndani yake wanataka kitu fulani, tuseme tarehe zote. Huwezi kuiambia mashine "tafuta tarehe." Haijui tarehe ni mdudu gani. Unaiambia sura yake: tarakimu mbili, mkwaju, tarakimu mbili, mkwaju, tarakimu nne, na mkwaju ni ule mstari ulioinama. Chochote chenye sura hiyo, lete. Sisi tunaita ruwaza. Ni sawa na kumtuma mtu asiyemjua shangazi akampokee stendi. Utamwambia: mwanamke mrefu, mkoba mwekundu, analalamika. Hatakosea.

Mabano yako ni rahisi kuliko tarehe. Yana sura moja: bano linafunguliwa, katikati herufi zozote, bano linafungwa. Kwenye programu inaandikwa hivi:

\(.*\)

Nukta ni herufi yoyote ile, na nyota ni "hata zikiwa nyingi kiasi gani." Vile vimikwaju vinaiambia mashine kwamba mabano ni mabano kweli, si alama za kazi. Nimeijaribu kwenye mistari mitano niliyojitungia, kila mstari na bano lake, yakafutika yote kama hayajawahi kuwapo. Mia nne yako yataondoka kabla hujamaliza kupiga chafya.

Faili lenyewe sijalifungua. Leo ni siku ya tisa flashi iko mezani. Usinicheke. Nataka nilisome mara moja, likiwa safi, bila mtu kukohoa katikati. Jumamosi hii nitalifanya.

Hilo ulilolitaja, tusilizungumze bado. Nisome kwanza. Mwambie Baba imefika.

Mdogo wako


30 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku shemeji yako amepata kikohozi na anakitangaza kama yeye wa kwanza kukohoa duniani. Mpwa wako anakusalimu, anauliza ile sweta uliyoahidi ilikwama wapi. Nimemwambia mjomba wake ana shughuli nyingi.

Jumamosi iliyokuwa inafuata imepita, na nyingine nne juu yake. Nimekupigia mara tatu. Wifi anasema uko kwenye kikao. Jumapili asubuhi kikao gani, umekuwa askofu?

Nisikuchoshe na mizaha, hata mimi sina nguvu nayo. Baba amebakiwa na maneno mawili: "maji" na "bado." Nimejaribu yale aliyotufundisha daktari, kumwonyesha kikombe, kumwonyesha picha. Anafungua mdomo, anausubiri, hakuna kinachokuja, kisha anaangalia pembeni kama mtu aliyepotelewa na kitu ndani ya nyumba ya wenyewe. Mimi nakaa pale na kijiko mkononi. Sina la kufanya. Sijawahi kuona mikono yangu ikiwa haina kazi kiasi hiki.

Kila nikirudi kutoka kazini, kitu cha kwanza anaangalia mikono yangu. Akiona mitupu anasema, "Bado." Si swali, anajijibu mwenyewe. Anakisubiri hicho kijitabu. Hata kama hakijapendeza, hata kama karatasi hazijashonwa, lete. Njoo nacho mwenyewe ukiweza.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Poleni na kikohozi cha shemeji. Sweta nitatuma. Huku mvua imeanza, barabara ya kwenda ofisini imekuwa tope tupu, jana nilivua viatu nikaingia kazini navyo mkononi. Mtoto anasimama sasa, anashika kiti.

Kazi inaendelea. Ina ugumu kidogo kuliko nilivyofikiri.

Nilitaka kukuuliza mambo madogo tu. Ile kompyuta ya mapokezi, bado iko pale zahanati? Mtu akifuta kitu, mara nyingine huwa hakijaondoka kabisa, fundi anaweza kukipata. Usimwambie bosi wako kwamba nimeuliza. Na je, Baba bado anaweza kubonyeza kibodi, hata kwa kidole kile kimoja? Nauliza tu. Na wewe, ile sehemu yake, hukuisoma kweli? Hata mstari mmoja wa juujuu? Sitakulaumu.

Msalimie.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona maji yanaingia chini ya mlango.

Kompyuta haipo. Mwezi wa tatu walikuja watu wanaochukua mashine mbovu, wakaifungua palepale uani kwa bisibisi, wakachukua vya ndani na kuacha boksi. Sasa boksi lina mihogo ya mlinzi. Nilikwenda nikalichungulia ingawa nilijua hakuna kitu, ndivyo ulivyonifanya.

Hapana, sikuisoma. Mimi ni mmbeya kuliko wote ukoo mzima, barua za majirani nilikuwa nazisoma kwa kuziangalia kwenye jua. Siku moja tu katika maisha yangu niliyojizuia ndiyo hiyo, kwa sababu Baba alikuwa ananiangalia.

Unauliza kama Baba bado anaweza kubonyeza. Swali gani hilo? Baba hajambo. Anakula, analala, tunamgeuza ubavu. Sina zaidi la kukueleza kuhusu Baba leo.

Sitaki habari za tope wala viatu. Nimekulea mpaka una miaka saba, nilikuwa nakufunga kamba za viatu, najua ukivunja kitu unavyokuwa mpole. Umevunja nini?

Dada yako


2 Juni

Dada,

Salamu sina. Nimeanza barua hii mara sita na kila mara nimejaza ukurasa wa habari za mtoto.

Faili limekwisha. Nimelifuta mimi.

Ilikuwa ile Jumamosi niliyokuahidi, tarehe moja Machi, saa nne asubuhi. Wifi yako alikuwa ametoka na mtoto. Nikaandika ile ruwaza niliyokuonyesha, nikaiambia programu iondoe kila inachokiona chenye sura ile, ihifadhi, nikabonyeza. Ikanijibu hapohapo: imeondoa mahali pamoja. Pamoja, Dada. Nilitarajia mia nne. Nilijua kabla sijafungua.

Nilipofungua, maisha yote ya Baba yalikuwa yamebaki hivi:

"Nilizaliwa nyumba ya pili kutoka kisimani, na basi, inatosha, zima mashine."

Nikueleze, una haki ya kujua. Ile nyota ina pupa. Ikikutana na bano linalofunguka, haisimami kwenye bano la kwanza linalofunga. Inakimbia mpaka mwisho wa mstari, ndipo inarudi nyuma kutafuta bano la mwisho kabisa, na kila kilichomo katikati inahesabu ni chake. Ingewekewa alama ndogo ya kuuliza baada yake ingetulia, ingechukua kidogokidogo. Kila mtu wa kazi hii anajua. Mimi pia najua. Lakini mara nyingi unasahau na huoni madhara, kwa sababu nukta haivuki mstari. Pupa yake inaishia mwisho wa mstari mmoja, na kwa kawaida mstari ni mfupi. Ile mitano niliyoijaribia ilikuwa mifupi, na kila mmoja una bano moja tu.

Faili la Baba lilikuwa mstari mmoja. Kurasa tisini na zaidi, mstari mmoja, kutoka kisimani mpaka "zima mashine." Hakuna watu wengine duniani wanaoandika hivyo isipokuwa sisi watoto wake. Na uliniambia. Uliandika wazi kwamba hukuruka mstari, nikacheka, nikapita.

Utauliza kwa nini sikunakili kwanza. Ofisini nawaimbia wenzangu kila siku: nakili kwanza, nakili kwanza. Mganga hajigangi. Nilihifadhi kwa jina lilelile, juu ya lilelile. Flashi nimeipeleka kwa mafundi watatu. Wawili walirudisha mikono mitupu. Wa tatu alikesha nayo wiki nzima, akaniita kwa furaha kwamba amepata kitu. Zilikuwa picha za harusi. Uliinunua mkononi mwa mtu, nadhani. Sasa namjua bwana harusi, ana sura ya mtu aliyekosea nyumba, na Baba simpati.

Kuna kingine, na hiki sijamwambia hata wifi yako. Mabano hayakuwa na shida yoyote. Ningeweza kuyasoma hivyohivyo, kikohozi na yote. Niliogopa. Miaka thelathini na moja nimelisubiri hilo jibu. Baba aliwaandikia barua watu wa mji mzima, wenye kesi, wenye wachumba, wenye deni, na mimi akanitumia salamu chini ya barua zako. Jibu likaja, likakaa mezani kwangu siku kumi na moja, na badala ya kulisoma nikaanza kufagia.

Sasa sijui kama ningekuja kukaa mbele yake ningemwambia nini. Nimwambie aandike tena? Niambie tu kama bado anaangalia mikono yako. Nitakuja na mikono hii hii, aione.

Mdogo wako


29 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikaitupa uvunguni. Nikaitoa, nikaitupa tena. Nilikuchukia siku nne, nakuambia ukweli. Ya tano niliamka nikakuta chuki imeisha na mimi mwenyewe bado nipo, na shuka za Baba zinataka kufuliwa.

Haangalii mikono yangu. Haangalii mikono ya mtu. Kiharusi kilimpiga tena, tarehe sita Aprili, alfajiri, nikiwa namvalisha shati. Yale maneno mawili yakaondoka pamoja. Sasa macho yako wazi na ukipita mbele yake hayakufuati. Daktari amesema tumweke safi, tumgeuze, basi. Hata ungeleta kijitabu chenye jalada la dhahabu mwezi wa tano, ningekuwa naisomea ndoo.

Sikukuambia kwa sababu nilidhani uko mbioni kukishona, nikasema nisikukate mikono. Nawe hukuniambia kwa sababu ulidhani anasubiri. Haya, tumehifadhiana vizuri. Makosa yako ni yako, sitakubebea, lakini kompyuta niliifuta mimi, na flashi moja niliinunua mimi.

Najua utataka nikusimulie niliyoyachapa. Nimejaribu. Mtu anayechapa hasikii, vidole ndivyo vinavyosikia. Nakumbuka kisima, nakumbuka mashine ya kwanza iliyokuwa haina herufi moja, lakini ukiniuliza alisemaje nakupa maneno yangu mimi, si yake. Na ile sehemu yako siijui, sitaijua. Kwa nini alikupeleka wewe na si mimi, hata mimi nimekuwa nikijiuliza, jikoni kwa mjomba ulikuwa na sahani yako na mimi huku nilibaki na Baba. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye aliyependwa.

Ila kuna kitu kimoja ninacho. Baba alipokuwa akiandika sehemu yako, kila akimaliza alinigongea ukuta, nami niliingia nikifunika kioo cha kompyuta kwa daftari, yeye ananitolea macho, nikaweka bano langu pale alipoishia. Hayo ni maneno yangu. Hayo nayakumbuka, karibu yote, kwa mpangilio wake. Ndiyo uliyotaka kuyaondoa na ndiyo peke yake yaliyosalia, kwa hiyo nakuandikia. Kila moja nimelipa mstari wake, Baba anisamehe.

Ukija, njoo. Mlango unaujua.

Dada yako

(amenitoa nje. nusu saa. kidole kimevimba)

(amefuta ya jana yote)

(hakuandika. ameiangalia kibodi tu)

(amefuta tena)

(ameuliza kama mtoto alivaa viatu siku ile. nimesema alivaa, vya kahawia, vilikuwa vyangu)

(ameandika muda mrefu. chai imepoa)

(amelia. amesema nisiandike)

(siku tatu hakuandika, kidole)

(ameandika mpaka giza likaingia, amekataa kuwashiwa taa)

(amemaliza. ameuliza, "Atasoma?" nimemwambia atasoma)